Jina Alilolitaja Gizani

Shoga uko? Usinipigie, mume wangu yuko hapa karibu. Soma tu.

Tumekuja kile kisiwa chenye gereza la zamani. Mwongoza wageni katuingiza kwenye chumba cha mawe, kafunga mlango, kazima taa. Ndivyo anavyofanya kwa kila kundi. Eti kila mtu amtaje ambaye angependa kuwa naye kama angefungwa humo.

Mume wangu kanishika mkono. Zamu yake ikafika. Akasema, "Mama Pacha."

Mama Pacha, shoga! Mtalaka wake! Si huyu huyu mume wangu anayeniambia hata sura ya huyo mwanamke ameisahau?

Na hakusita. Alisema kama mtu anayeitisha maji ya kunywa nyumbani kwake.

Mkono wangu bado kaushika.

Watu wakacheka kwa raha, "Jamani, mapenzi hayo!" Wamedhani Mama Pacha ni mimi. Mimi, ambaye hata mtoto mmoja sijajaliwa.

Zamu yangu nikasema, "Wangu huyu hapa." Wakapiga makofi.

Taa ilipowaka nikamtazama. Akaniambia nifunge kamba ya kiatu nisije nikaanguka. Basi. Sijui hakusikia alichosema mwenyewe au anajifanya. Machozi sina, shoga. Nimekuwa kama gogo.

Sasa tuko juu ukutani, tunatazama bahari. Mwongoza wageni ananiita, "Mama Pacha, sogea karibu na mzee niwapige picha."

Nikasubiri mume wangu amsahihishe.

Akatengeneza kola, akatazama kamera.

Nimesogea.