Nyota Wanayodai Mama Kaimeza

Ushetu,
Februari 2020

Kaka Masalu,

Shikamoo. U hali gani huko Geita, na kile kifua cha vumbi la mawe kimetulia? Huku tu wazima, tumbaku imeanza kuingia banini kukaushwa. Nimeona niandike, maana simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, wenzako wote mnaochimba nao shimoni, huko duarani, wanasikia.

Mayala, mnayechimba naye, alipita hapa akielekea Kagongwa. Alisema ile nyota nyekundu ya jioni, ambayo mganga wenu aliwaambia inalinda duara lenu, imefifia, na tangu hapo hamjaona dhahabu. Eti mganga kasema imemezwa na mama wa mmoja wenu, na wekundu wake umebaki machoni mwa mama huyo. Jamani! Nani anayepika kwa kuni miaka yote macho yakabaki meupe? Lakini uji aliopewa na mama, Mayala hakuugusa.

Nikaenda kwa Rebeka, mwalimu wa fizikia. Alinieleza kuwa nyota ile ni jitu. Ingewekwa lilipo jua letu, ingetumeza sisi na dunia yetu. Ni nyekundu kwa sababu uso wake hauna joto kama la jua. Huvimba na kunywea, na wataalamu wanadhani safari hii imetema vumbi likaifunika. Tena mwanga wake husafiri miaka zaidi ya mia tano kabla ya kutufikia. Haya, niambie, wakati huo mama alikuwa wapi?

Ningecheka yakaisha. Ila Jumapili ulipiga simu. Wewe, usiyeuliza hata kama mama kala, tangu lini ukataka kujua analala chumba gani, na kama mbwa bado yupo? Nilikujibu kuwa analala nyumba ya uani.

Jana asubuhi nilikuta mlango wa nyumba ya uani umevunjwa, na kitanda kimekatwakatwa kwa panga. Mama hajawahi kulala mle. Nilikudanganya, na uongo huo sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Nimeshamhamisha. Alipo sikuambii, wala usinipigie.

Yeye hajui lolote. Anakusalimu sana, anauliza utakuja lini kumwona. Nimemjibu kuwa kazi zimekubana.

Ni mimi mdogo wako,
Vumilia