Mwaloni Uliokatwa Mwezi Mei

Kaka Halvor,

Huku Wisconsin hatujambo, na Baba anakula vizuri. Mbegu za mwaloni nilizolaza kwenye friji majira yote ya baridi zimeota. Majani yake yamechongoka, kwa hiyo ni watoto wa ule mwekundu wa uani.

Juzi Baba aliupogoa huo mkubwa. Mwezi Mei, yeye aliyekuwa akituficha misumeno mpaka theluji ianguke, wadudu wasije wakaingiza ugonjwa kwenye vidonda vya mti. Nimevipaka rangi vyote kuwazuia. Kila nikiona jani limejikunja, nalichuma kulikagua kama ni ule ugonjwa.

Nilimuuliza, "Baba, unakata mwaloni Mei?"

"Acha utani, Signe. Si Januari hii?"

Alikuwa amevaa koti zito na glavu, jasho linamtiririka.

Njoo, kaka. Usimwambie nimekuita.

Mdogo wako,
Signe