Nilivyomwinamia Baba Mkwe

Jumanne usiku

Hivi nani alinituma? Mimi niliyewatembeza Wajapani mbuga nzima ya Mikumi, namna yao ya kuomba radhi naijua: unainama kimya, mgongo kama meza, na anayekusamehe naye anainama.

Basi leo nikaenda Chanzuru kumfuata mke wangu, aliyerudi kwao kwa sababu ya mdomo wangu. Baba mkwe akatoka. Nikainama, nikasubiri naye ainame.

"Umeangusha nini?"

Nikazidi kuinama.

"Shikamoo hunipi, kisogo ndiyo unanionesha?"

Mke wangu akaangua kicheko huko ndani. Mzee akafunga mlango.

Kesho narudi na shikamoo ya kwetu. Ila usingizi hauji. Kile kicheko, amenisamehe au ndiyo ameshazoea kutokuwepo kwangu?