Samaki za papa na bidon ine

Clarisse, uko? Samaki za papa yangu zote zimekufa. Zote kumi na moja, zile alitoaka mwenyewe ku mawe ya Lweba.

Hata silii. Niko tu nimekaa kwa kiti yake, naangalia.

Unajua kesho tunamaliza kilio yake. Aquarium ilikuwa imejaa ule uchafu wa kijani, kwa vioo, kwa mawe, hata majani alipandaka ndani haikuonekana tena. Nikasema bageni batasema tangu papa akufe hakuna mwenye kuangalia vitu vyake.

Basi asubuhi nikasugua yote, nikamwanga maji, nikaenda kuchota ingine ku ziwa. Nikajaza bidon ine.

Na pale ku ziwa unajua vile tunafanyaka tangu kolera. Unapanga bidon, Albert, ule wa afya, anapita na chlore yake, ile dawa ya kuua microbe, anatia mu kila moja. Mi mwenyewe nikafungua vifuniko. Mi mwenyewe, Clarisse. Hata nikamuambia aksanti.

Nikarudi, nikatia maji yote mu aquarium. Haikupita saa moja, samaki zikaanza kuelea tumbo juu.

Mama akakuja, akaangalia. Nikangoja anitukane. Akasema tu: "Ile kijani baba yako aliachaka makusudi. Ndio zilikuwa zinakula."

Akasema tena, pole pole: "Ndio ilikuwa chakula yao, Adolphine."

Kisha akaenda kuosha masahani ya bageni.

Mi ningali hapa. Maji iko safi sana. Mutu anaweza hata kuikunywa.