Kuiacha Bastola Ipande

Jumanne, 2 Julai

Zamu ya asubuhi. Nimefungua geti, nimemwagia maji vumbi la mlangoni. Malori yamejipanga kwa mama ntilie kama kawaida. Nyani ameiba mkate wa dereva na kwenda kuula juu ya turubai la dereva huyohuyo. Petro, mlinzi mwenzangu, amecheka mpaka kofia imemdondoka.

Saa nne meneja wa ulinzi ametuita. Kampuni inatuletea silaha ndogo kwa ajili ya lindo hili la nyumba ya wageni. Kabla ya hapo kila mlinzi atapimwa shabaha Kilosa, kwa bastola moja kubwa ya mazoezi ambayo wameinunua. Amesema, ukiiweza hiyo, hizi ndogo ni mchezo. Atakayeiweza anabaki Mikumi. Atakayeshindwa anahamishiwa Dar, kulinda maghala kwa rungu.

Siwezi kwenda Dar. Mama mkwe yuko Masanze peke yake na mguu mmoja haumsikii. Tangu mume wangu Hamisi afariki, anayemwangalia ni mimi. Binti yetu Zuhura yuko bweni, hata akitaka hawezi.

Naogopa. Siogopi bastola yenyewe. Naogopa mlio.

Jumatano, 3 Julai

Wameileta ofisini tuishike, bila risasi. Nyeusi, mtutu mrefu. Tundu lake linaingia ncha ya kidole changu cha mwisho. Risasi zinakaa kwenye kibweta cha mviringo kinachozunguka kila ukifyatua. Nzito. Nimenyoosha mikono nayo, baada ya muda mfupi ikaanza kutetemeka. Mikono, si bastola.

Petro kasema hiyo si bastola, ni kiungo cha trekta.

Kwenye mgambo tulifundishwa bunduki ndefu, tukiwa tumelala chini. Bunduki unaikumbatia, unaivuta begani, unaibana. Hii haina bega. Inakaa mbele yako peke yake, kama mtoto wa mtu unayeambiwa umshike tu kidogo.

Hamisi angetaka kuiona. Alipenda kila kitu cha chuma. Alikuwa anagonga magurudumu ya lori lake kwa nondo na kusikiliza, sikio karibu, kama daktari.

Ijumaa, 5 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka.

Tumekwenda kwa pikapu ya kampuni, kupitia kijiji cha Ulaya. Uwanja wa shabaha uko nje ya Kilosa, kwenye shamba la zamani la mkonge, mahali walipochimba udongo kukabaki ukuta wa ardhi. Bendera nyekundu juu ya mti. Mwalimu ni Afande Masunga, mwanajeshi mstaafu. Mpole kwa sauti, mkali kwa macho. Kidole nje ya kifyatulio mpaka macho yako yawe kwenye karatasi. Hayo kayarudia kwa kila mtu, hata kwa aliyeshafyatua vizuri.

Petro alianza. Risasi ya kwanza ilinipiga kifuani ingawa nilikuwa nyuma, na vizibo masikioni. Nilijua itapiga. Haikusaidia.

Mlio ule ni wa tairi.

Lazima niuandike kwa sababu sijawahi kuuandika. Mwaka jana nilikuwa getini, namenya chungwa. Nikasikia kishindo upande wa Iringa. Nikamwambia Petro, tairi la mtu hilo. Nikaendelea kumenya. Tairi la mbele la Hamisi lilikuwa limepasuka, na lori la vitunguu limelala bondeni. Nilimaliza chungwa lote kabla mtu hajaja kuniambia. Nisingeweza kufanya lolote, najua. Lakini nililimaliza chungwa.

Zamu yangu ilipofika nilibana bastola kama ninavyojua kubana. Risasi tano. Karatasi safi. Ukuta wa udongo umezipokea zote.

Ikabidi tusimame, ng'ombe walikatiza mbele yetu, kundi zima, wametulia kana kwamba sisi ndio tumepotea. Afande akapiga filimbi, akamwendea mwenye ng'ombe, wakaongea Kisukuma muda mrefu sana. Petro kasema wanaulizana habari za ukoo. Aliporudi, Afande alisema ni kweli, yule ni wa kwao Maswa.

Kisha akajaza bastola yeye mwenyewe, amenigeuzia mgongo, akanipa. Nikalenga. Nikavuta. Haikulia. Tak, basi. Lakini mimi nilikuwa nimefumba macho, mabega yamepanda, na mtutu umechota chini kama nachimba muhogo. Kila mtu aliona. Alikuwa ameniwekea ganda tupu.

"Unaona, mama," Afande alisema. "Haikukupiga yenyewe. Umejipiga wewe."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Jumamosi, 6 Julai

Kazini. Kiganja kinauma, kati ya kidole gumba na cha shahada ngozi imechubuka.

Meneja kaniuliza kama nina ndugu Dar.

Jumapili, 7 Julai

Masanze. Nimemkuta mama mkwe kaketi kwenye gunia, anachambua mahindi. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri. Hakuniuliza kuhusu kazi na mimi sikumwambia kuhusu Dar. Nimejaza pipa la maji. Nimemkanda mguu.

Kasema mashine ya kusaga imeharibika wiki nzima. Basi nikatoa kinu.

Kinu hiki kina michi miwili. Mmoja wangu, mmoja wa Hamisi. Sijui kama kuna mwanamume mwingine Masanze aliyewahi kutwanga na mkewe mchana kweupe. Majirani walimcheka. Yeye akasema anafanya mazoezi ya kifua. Tulikuwa tunapokezana kwenye kinu kimoja, wangu ukishuka wake unapanda. Dada zangu walimfundisha ile ya kuuachia mchi hewani na kupiga kofi kabla ya kuudaka. Siku ya kwanza alipiga kofi vizuri sana. Mchi ukaenda kumshukia kwenye kidole cha mguu. Ukucha ukawa mweusi, na kila aliyeuliza aliambiwa ni spana imeanguka.

Leo nimetwanga peke yangu. Nilianza kama kawaida, kiganja kikaungua. Sikuweza kuubana mchi. Nikaushika kwa vidole tu, nikauachia upande wenyewe, nikaushusha. Ukapanda. Nikaushusha. Mkono haukuuma tena.

Nikasita katikati ya kutwanga.

Ndivyo nilivyotwanga miaka yote. Hakuna anayegombana na mchi unapopanda. Unauongoza tu urudi mahali pake. Na hakuna anayefumba macho, maana mwenzako naye ana mchi wake, mtagongana.

Mama mkwe kauliza, "Umechoka au unamsikiliza mtu?"

Nikamwambia namsikiliza.

Akavuta ungo karibu. Halafu kasema nimalizie, chenga zinataka kupepetwa kabla jua halijatua.

Jumanne, 9 Julai

Tairi limepasuka karibu na kizuizi cha magari. Nimedondosha kikombe cha chai. Kimepasuka na chenyewe.

Sijapona, basi. Nilidhani Jumapili nimepona.

Petro ameokota vipande. Hakutania. Baadaye kidogo akatania, kasema kikombe kile kilikuwa cha meneja. Nimecheka.

Jumatano, 10 Julai

Nimefanya mazoezi nyumbani na mwiko wa ugali. Mikono mbele, macho wazi. Nauinua, naushusha. Jirani kachungulia dirishani, kaniuliza kama namfukuza mdudu. Nimemwambia ndiyo.

Kesho.

Alhamisi, 11 Julai

Nimebaki.

Naanza na hilo ili nikisoma siku nyingine nisipate shida. Nimebaki Mikumi.

Asubuhi sikula. Kwenye pikapu Petro alinipa karanga, nikazishika mkononi mpaka Ulaya. Tulipopita njia ya Masanze sikuangalia nje.

Uwanjani baridi, ukungu bado umekaa kwenye mkonge. Petro alitangulia, kafaulu, karudi akitembea kama ameoa. Wa pili kashindwa, mzee Lukasi wa lindo la nyuma. Aliweka vizibo vya masikio mezani taratibu, akaenda kukaa kwenye pikapu. Nilimwonea huruma na nikaona aibu, maana nilikuwa pia nashukuru kuwa hesabu yake imekwisha na yangu bado.

Afande akajaza bastola, amenipa mgongo kama siku ile. Risasi tano, tatu ziingie kwenye duara jeusi. Sikujua ndani kuna nini. Ndiyo ilikuwa tabu yenyewe, kutojua ipi italia.

Nilishika bila kukaba. Ya kwanza ililia. Kifua kikagonga, macho yakataka kufumba, nikayakatalia. Bastola ikapanda. Nikaiacha ipande. Ikarudi mahali pake, nami nikiiongoza. Ya pili vilevile. Wangu umeshuka, wake unapanda. Nilimsikia Hamisi upande wa pili wa kinu, anahema kwa kujionyesha.

Ya tatu nilivuta kidole taratibu.

Tak.

Haikulia. Na mtutu haukwenda popote. Ulikaa palepale chini ya duara, umetulia, na macho yangu yalikuwa wazi yakiutazama. Niliona kila kitu, mpaka siafu mmoja anapanda juu ya mti ulioshika karatasi.

"Hapo," Afande alisema. "Hapohapo, mama. Endelea."

Mbili zilizobaki zililia. Ya mwisho ilipopanda, mkono wa kushoto ulitaka kuachia upige kofi. Kweli kabisa. Nikacheka peke yangu kwenye mstari.

Afande kaniuliza ninacheka nini na silaha mkononi. Nikaiweka chini, kidole nje, kibweta wazi kama alivyotufundisha. Ndipo nikamjibu.

"Nimemkumbuka mtu, afande. Aliwahi kujiponda ukucha."

Kanitazama, hakuelewa. Ametembea mpaka kwenye karatasi, akatia kidole kwenye kila tundu. Matatu ndani ya duara. La nne limekwenda pembeni, kwenye weupe. Karudi, akaniwekea alama ya kunipitisha.

Nilikwenda nyuma ya pikapu nikalia. Kilio chepesi, kama cha mtu aliyetua ndoo. Mzee Lukasi akanipa kitambaa chake. Kaniambia Dar kuna binti yake, na mjukuu ambaye hajamwona, nisimhurumie sana. Sijui kama ni kweli. Nimechukua kitambaa.

Karanga za Petro nimezila zote wakati wa kurudi.

Jumapili, 14 Julai

Masanze asubuhi. Nimemweleza mama mkwe yote kwa pamoja, Dar, bastola, mchi. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha kasema, "Kwa hiyo unabaki." Nikasema nabaki. Kasema basi Jumapili ijayo nije na dawa ya mguu, ile ya kopo la kijani.

Jioni zamu getini. Nimenunua chungwa kwa binti anayetembeza matunda kwenye beseni. Sijui kwa nini leo. Nimekaa nalo muda, kisha nikaanza kumenya.

Nilikuwa nusu ya ganda, kishindo. Tairi. Karibu, upande wa Iringa.

Nilishtuka. Chungwa halikudondoka. Nilimwambia Petro aangalie geti, nikatoka kwenda kutazama.

Lori la mbao limeegeshwa pembeni, tairi la nyuma limechanika. Dereva amesimama kando, mzima, anajikuna kichwa. Nikampa pole. Nikamwonyesha kwa fundi, nyuma ya kile kibanda cha chipsi. Akauliza kama huyo fundi anafanya kazi Jumapili. Nikamwambia anafanya.

Nikalipasua chungwa, nikampa nusu. Tulikula tumesimama, tukilitazama tairi.