Malkia wa Paa la Bani Malik

Wafula, buda,

Kwanza ujue bado hakuna mchezaji wa kunifikia, kutoka Jeddah hadi Riyadh, na hata ile London yako ya miaka mia nne iliyopita wangenipigia magoti. Mimi nikikohoa tu watu wanacheka. Shule niliachia kidato cha pili, lakini tuweke mimi na profesa juu ya paa moja tuone nani ataangaliwa.

Basi, nimesema. Sasa habari.

Baada yako kampuni ilinihamishia Riyadh. Nalinda geti la ghala, na siku ya mapumziko nashinda sokoni Batha. Leo nimenunua kitambaa cheupe kigumu cha kola. Mwenye duka akauliza ni cha nini, nikamwambia ni cha malkia, akanipongeza akidhani naoa. Jioni napanda basi kwenda Jeddah, kwa sababu Ijumaa vijana wa mtaa wetu wa Bani Malik wanataka tuucheze tena ule mchezo wako, wa Malkia na mchekeshaji wake, yaani mimi. Shida ni moja: hotuba ya mwisho ya Malkia hakuna anayeijua. Ulienda nayo.

Nakulaumu, sikufichi. Nani alikutuma utugawie mchezo vipande vipande? Kila mtu na kikaratasi chake, maneno yake peke yake, na kabla ya kila jibu maneno mawili matatu ya anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. "Ndivyo walivyofanya wao," ulisema. "Mtu akipewa mchezo wote si atawauzia kundi lingine?" Nikakuuliza, kwani hao wao ni wajomba zako? Ukasema, "Mshenzi wewe, sikiza."

Nikasikiza, kwani kulikuwa na nini kingine? Chumba kimejaa wanaume, AC inakohoa, na wewe na simu yako ukituonyesha Waingereza wa enzi za yule malkia wa kola kama sahani. Kwanza nilipenda uchafu wao. Kumwaga ndoo ya choo dirishani! Malkia kujipaka sumu nyeupe usoni ndio aonekane mrembo! Halafu nikapenda michezo yao: inachezwa mchana, juu kuko wazi, maskini wamesimama chini wakitafuna njugu na kumzomea asiyewafurahisha. Halafu ukatoa ile iliyonimaliza. Kwamba mchezaji asiye na bwana mkubwa wa kumwandikisha kama mtumishi wake alikamatwa kama mzururaji, akachapwa viboko. Ukasema, "Mnaona? Hata wao walikuwa na kafili wa kuwashikia makaratasi."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo nikawa mmoja wao. Nilikuwa nasimama getini juani na yunifomu ya kampuni, lakini kichwani nimevaa soksi ndefu na upanga kiunoni.

Na wao pia hawakuwa na wanawake jukwaani. Sisi je? Binamu yako Nekesa angeruhusiwa na nani kutoka nyumbani kwa madam anakofanya kazi aje juu ya paa la wanaume? Kwa hiyo Malkia ukawa wewe, na ndevu zako. Nekesa akatuma gauni la mahameli ambalo madam alikuwa amelichoka, ukaruka kama mtoto, eti hata kule mabwana waliwaachia watumishi nguo, na watumishi wakawauzia wachezaji. Kwako kila kitu kilikuwa kule.

Halafu ukafa. Getini, mchana, kwenye kiti cha plastiki. Bosi wako alifika na gari akadhani umelala, akapiga honi. Akapiga tena. Dereva wake ndiye aliyeniambia. Kitanda chako kilipata mtu ukiwa bado kwenye jokofu la hospitali. Ikama, kile kibali cha kuishi, muhuri, sahihi ya kafili, bukra, bukra, kesho na kesho, mpaka Nekesa akalia sauti ikamwisha. Kule kwa malkia wako hata wa tauni alizikwa siku ile ile. Wewe ulingoja makaratasi. Sasa uko nyumbani, nyuma ya migomba, na mimi sikutupa hata konzi ya udongo. Kafili wangu alisema mafi ruhusa, hakuna ruhusa. Halas, basi.

Vijana wananiambia nitunge hotuba mwenyewe. "Wewe si una mdomo?" Nimejaribu. Malkia anaanza kuwaaga watu wake, na kabla hajamaliza nimeshamfanya apige chafya. Nimemuuliza Nekesa kama uliwahi kumsomea. Anasema ulimkatalia, ukamwambia asubiri atumiwe rekodi ya simu siku yenyewe. Na kikaratasi chako ulikichana ulipokihifadhi kichwani, ukijivuna eti mchezaji wa kweli habebi karatasi.

Kila mtu ana sababu yake kwa nini siku ile tulipoucheza, kabla hujafa, hatukufika mwisho. Mutiso wetu wa chumbani analaumu jua. Wengine wanalaumu basi la zamu lililokuja mapema. Mimi nimekubali zote, nikaongeza yangu: kwamba ulichelewa kuvaa kola. Nimeisema hapa Riyadh mpaka wasiokujua wanajua ulichelewa.

Kwa hiyo shika ahadi hii. Ijumaa gauni litakaa kwenye kiti, na kola hii mpya juu yake. Nitafika kwenye mstari wangu wa mwisho, nitausema kama ulivyouandika, bila kuongeza, kisha nitafunga huu mdomo kwa urefu wote ambao hotuba yako ingechukua. Wakizomea, wazomee. Atakayecheka nitamshusha ngazi mwenyewe. Lala salama, Malkia wa Bani Malik. Ukiwapata hao wao, waambie nakuja, na wasithubutu kunipa kipande kidogo.

Hukuchelewa, Wafula. Ulikuwa umeshasimama mlangoni pa ngazi, kola shingoni, jasho likiyeyusha unga usoni, unangoja maneno matatu kutoka kwangu: "Malkia wangu, zungumza." Watu walikuwa wanacheka. Nikaongeza kichekesho. Wakacheka zaidi, nikaongeza kingine. Nilikuona ukinitazama. Kisha basi likapiga honi, watu wakashuka, na mimi sikuwa nimekuita.