Majibu ya Dume la Awoi

Chela, nimeua dume la Awoi, yule mama anayefuga nguruwe kule Kakuma. Dume lake la pekee.

Nilitoa damu ya hilo dume na ya mwenzake aliyehasiwa, ili kulinganisha. Wiki jana maabara ikasema dume halina homoni ya kiume. Nikampigia Awoi: hili halizalishi, chinja.

Leo jibu la pili limefika. Aliyehasiwa ana homoni tele. Aliyehasiwa, Chela!

Barafu iliyeyuka njiani kuja Lodwar, majina yakafutika kwenye chupa. Nikaandika upya kwa kukumbuka. Kwa kukumbuka tu.

Awoi ametoka hapa ofisini sasa hivi. Nilidhani ameshajua. Kumbe ameniletea paja la hilo dume. "Daktari, asante. Ningelilisha bure."

Nikasema karibu. Karibu!

Ameliweka juu ya yale majibu.